Obama kabla ya Washington: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Miaka Yake katika Seneti ya Illinois

Ukurasa huu unahusu kipindi ambacho Barack Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, pamoja na kila uchaguzi aliogombea katika miaka hiyo. Tumetoa idadi za kura jinsi zilivyohesabiwa. Kila mahali tumeeleza pia nani alifika kwenye karatasi ya kura na nani alizuiwa njiani, kwa sababu asilimia 100 ya kura haina maana yoyote mpaka ujue kwa nini mgombea alibaki peke yake.

Seneta wa jimbo ni nani? Ndiye seneta yule yule wa Washington?

Siye. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake. Mabunge hayo yana mabaraza mawili, isipokuwa Nebraska yenye baraza moja tu. Bunge la Illinois hukutana Springfield, mji mkuu wa jimbo, kilomita zipatazo 320 kusini-magharibi mwa Chicago. Lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Kila wilaya ya Seneti hugawanywa mara mbili kupata wilaya za wawakilishi. Seneta wa Washington, kwa upande wake, huchaguliwa na jimbo zima, na kila jimbo lina wawili tu.

Msomaji wa Kenya asilinganishe bunge la jimbo na bunge la kaunti. Bunge la Illinois hutunga sheria za jinai, huamua adhabu, huweka kodi ya mapato ya jimbo na huchora mipaka ya uchaguzi. Adhabu ya kifo ilipokuwapo Illinois, ilikuwa sheria iliyotungwa Springfield.

Aligombea mara ngapi, na alipata kura ngapi?

Huko Marekani viti vingi huamuliwa kwa hatua mbili: kwanza kura ya mchujo ndani ya chama, mwezi Machi kwa Illinois, kisha uchaguzi mkuu mwezi Novemba. Rekodi yake ya miaka hiyo ni hii:

Machi 1996, mchujo wa Chama cha Democratic, Wilaya ya 13 ya Seneti ya jimbo: kura 16,279, bila mpinzani.

Novemba 1996, uchaguzi mkuu: Obama 48,592 (asilimia 82.2), David Whitehead wa chama cha Harold Washington 7,461 (12.6), Rosette Caldwell Peyton wa Republican 3,091 (5.2).

Machi 1998, mchujo: kura 16,792, bila mpinzani.

Novemba 1998: Obama 45,486 (asilimia 89.2), Yesse Yehudah wa Republican 5,526 (10.8).

Machi 2000, mchujo wa kiti cha Baraza la Wawakilishi la Washington, Wilaya ya 1 ya Illinois: Bobby Rush 59,599 (asilimia 61.0), Obama 29,649 (30.4), Donne Trotter 6,915 (7.1), George Roby 1,501 (1.5).

Machi 2002, mchujo wa Seneti ya jimbo: kura 30,938, bila mpinzani.

Novemba 2002: kura 48,717, bila mpinzani.

Machi 2004, mchujo wa Seneti ya Marekani, jimbo zima: Obama 655,923 (asilimia 52.8), Dan Hynes 294,717 (23.7), Blair Hull 134,453 (10.8), waliobaki waligawana zilizosalia.

Novemba 2004: Obama 3,597,456 (asilimia 70.0), Alan Keyes wa Republican 1,390,690 (27.0).

Angalia vizuri 16,279 ya 1996 na 16,792 ya 1998. Zinafanana kiasi kwamba wanaonakili huzibadilishana, au hudhani moja ni kosa la chapa. Zote mbili ni sahihi.

Alipataje nafasi ya kugombea mwaka 1995, wakati kiti kilikuwa na mwenyewe?

Kiti cha Wilaya ya 13 kilikuwa cha Alice Palmer, mwanasiasa aliyeheshimika sana upande wa kusini wa Chicago. Mwaka 1995 mbunge Mel Reynolds, aliyekuwa Washington kwa niaba ya Wilaya ya 2, alipatikana na hatia mahakamani na kujiuzulu. Palmer akaamua kuwania kiti hicho cha Washington na kuacha cha jimbo. Obama alitangaza nia tarehe 19 Septemba 1995 katika hoteli moja ya Hyde Park, na Palmer mwenyewe alikuwapo kumtambulisha.

Mambo yakageuka tarehe 28 Novemba. Katika mchujo maalumu wa kiti cha Reynolds, Jesse Jackson Jr. alishinda, Emil Jones Jr. akawa wa pili na Palmer wa tatu. Wafuasi wa Palmer wakamtaka Obama ampishe ili mwenye kiti arudi. Obama akakataa. Palmer akaanza kukusanya saini za kurudi kugombea, na siku zilizobaki zilikuwa chache mno.

Ni kweli aliwaondoa wapinzani wake wote kabla kura haijapigwa?

Ni kweli. Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika rekodi yake ya uchaguzi, kwa hiyo tunalieleza hatua kwa hatua.

Ili jina liingie kwenye karatasi ya mchujo, mgombea alipaswa kuwasilisha saini halali 757 za wapiga kura. Anayetia saini lazima awe ameandikishwa kupiga kura, na anwani aliyoandikishwa nayo iwe ndani ya wilaya ile ile. Kila karatasi ya saini huwa na mkusanyaji wake, ambaye huapa mbele ya mthibitishaji kwamba saini zilitiwa mbele ya macho yake. Karatasi hupewa namba kwa mfuatano na kufungwa pamoja. Wagombea wazoefu wa Chicago hukusanya mara mbili au mara tatu ya idadi inayotakiwa, kwa kuwa wanajua nyingi zitakatwa.

Obama aliwasilisha zaidi ya saini 3,000 siku ya kwanza ya kupokea fomu, tarehe 11 Desemba 1995. Palmer aliwasilisha zipatazo 1,580 siku ya mwisho, tarehe 18. Tarehe 26 Desemba timu ya Obama iliweka pingamizi dhidi ya Palmer na wagombea wengine watatu: Gha-is Askia, Marc Ewell na Ulmer Lynch Jr.

Kusikiliza pingamizi ni kazi ya kuchosha inayofanyika mezani. Watu huketi na orodha ya wapiga kura na kupitia saini moja moja. Saini hukataliwa kwa sababu kadhaa: mtu hayumo kwenye daftari, anwani yake iko nje ya mpaka, wakati mwingine mtaa mmoja tu, jina limeandikwa kwa herufi za chapa wakati saini iliyo kwenye daftari ni ya mwandiko, mtu ametia saini mara mbili, au mkusanyaji mwenyewe hana sifa, na hapo karatasi yake yote hutupwa. Saini zilizokusanywa kwa haraka huanguka kwa wingi, kwa sababu mkusanyaji anayekimbizana na muda hasimami kumuuliza kila mtu anaishi wapi.

Karibu theluthi mbili za saini za Palmer zilikataliwa. Akabaki na upungufu wa saini kama 200, na tarehe 17 Januari 1996 akajitoa. Askia alikuwa amepeleka 1,899, akapungukiwa na 69. Ewell alikuwa na 1,286, akapungukiwa na 86. Lynch naye akaondolewa. Machi ilipofika, jina lilikuwa moja.

Hiyo ilikuwa halali? Na ilikuwa haki?

Halali kabisa. Sheria inaruhusu pingamizi ili kuzuia saini za kughushi, ambazo Chicago ilikuwa na historia ndefu nazo, na kila uamuzi ulitokana na daftari.

Kuhusu haki, tunaona pande zote mbili zina hoja ya kweli, ila hazina uzito sawa. Mtetezi wa Obama atasema aliyeshindwa kupata wadhamini 757 halali katika wilaya yenye karibu watu laki mbili hakujipanga. Lakini wapiga kura wa upande wa kusini walipoteza nafasi ya kuchagua kati ya seneta waliyemjua na kijana wa miaka 34, na katika wilaya ambayo Republican ilipata asilimia 5 tu mwaka huo, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Kwetu sisi hoja hii ya pili ni nzito zaidi. Sheria ya saini inapotumiwa kumwondoa kila mtu, anayepungukiwa zaidi ni mpiga kura.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Kupita bila kupingwa baada ya mapingamizi ya fomu ni jambo analolijua. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mgombea binafsi wa ubunge awe na wapiga kura 1,000 wa eneo bunge wanaomuunga mkono, na wa Seneti 2,000 wa kaunti. Funzo la Wilaya ya 13 linafaa huko pia: hesabu saini halali, wala si saini zote, na anza mapema.

Mbona mwaka 1996 aliyemfuata hakutoka chama cha Republican?

Wilaya ilijumuisha Hyde Park, Kenwood na South Shore kando ya Ziwa Michigan, kisha ikaelekea magharibi kwenye mitaa maskini zaidi hadi Chicago Lawn. Republican hawakuwa na mizizi hapo. Chama cha Harold Washington kilikuwa cha mjini tu, kikibeba jina la meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa 1983 na kufariki akiwa madarakani Novemba 1987. Kwa wapiga kura wengi wa kusini, jina hilo peke yake lilikuwa na mvuto kuliko tembo, nembo ya Republican.

Kwa nini aligombea 1996, 1998 na 2002, lakini si 2000?

Katiba ya Illinois huyagawa maeneo ya Seneti katika makundi matatu ndani ya kila miaka kumi. Kundi moja lina mihula ya miaka 4, 4 na 2. Jingine 4, 2 na 4. La tatu 2, 4 na 4. Wilaya ya 13 ya wakati huo ilikuwa kwenye 4-2-4. Kwa hiyo muhula wa 1996 ulikuwa wa miaka miwili, ule wa 1998 wa miaka minne, na 2002 viti vyote 59 vilirudi kwa wananchi kwa sababu mipaka ilikuwa mipya.

Mpangilio huu ulimsaidia mara mbili. Mwaka 2000 aligombea kwenda Washington bila kuweka rehani kiti chake cha Springfield: aliposhindwa alirudi kazini. Mwaka 2004 ilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu muhula aliouanza Januari 2003 ulikuwa bado unaendelea. Mwenzake wa kundi jingine angelazimika kuchagua kiti kimoja na kukiaga kingine.

Alishindwaje vibaya hivyo mwaka 2000?

Aliuona udhaifu wa Bobby Rush ambao haukuwepo. Rush, mwanachama wa zamani wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, na mbunge tangu 1993, alikuwa ameshindwa na Richard M. Daley katika uchaguzi wa meya mapema 1999. Wengi wakadhani amechoka. Lakini kushindwa umeya wa jiji zima hakukumaanisha amepoteza wilaya yake mwenyewe, ambako watu walimfahamu kwa miaka thelathini.

Kisha yakafuata mambo matatu. Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush aliuawa kwa kupigwa risasi, na kampeni dhidi ya baba aliyefiwa ikawa ngumu kuendesha. Desemba mwaka huo Obama alikosa kura muhimu ya bunduki, tutakayoieleza chini. Halafu Rais Bill Clinton akamuunga mkono Rush hadharani.

Juu ya yote hayo kulikuwa na swali la asili. Wapinzani wake walimsema kuwa ni msomi wa Harvard na Hyde Park, mgeni kwa watu wa kusini. Jambo hilo liliumiza kwa sababu Rush na Trotter walikuwa na mitandao ya makanisa na ya mitaa ambayo haijengwi kwa miaka mitatu.

Kuna wanaodai kwamba Trotter, naye seneta wa jimbo, ndiye aliyeharibu kwa kugawa kura. Hesabu inakataa. Kura za Obama na Trotter pamoja ni 36,564. Za Rush ni 59,599. Hata wangeungana wangeachwa kwa zaidi ya kura 23,000.

Huo ndio uchaguzi pekee wa kiti alioshindwa katika maisha yake yote ya siasa. Rush alibaki bungeni hadi Januari 2023.

Mipaka mipya ya 2001 ilimsaidia?

Sana, na wengi hulisahau hili. Illinois, bunge likishindwa kukubaliana ramani, huundwa tume ya watu 8, wanne kila chama. Ikikwama, katibu wa jimbo huokota jina la mjumbe wa 9 kati ya majina mawili, moja la kila chama. Septemba 2001 jina lilichukuliwa kutoka kwenye kofia ndefu mfano wa ile ya Abraham Lincoln, na likatoka la Democratic. Miaka kumi kabla, bahati hiyo hiyo ilikuwa imewaangukia Republican, nao wakaitawala Seneti kwa muongo mzima.

Wilaya ya 13 mpya ilibaki na Hyde Park, ikaachia mitaa ya magharibi, ikapanda kaskazini kando ya ziwa kupita katikati ya jiji hadi Gold Coast, moja ya sehemu tajiri kabisa za Chicago. Bado ilikuwa na wapiga kura wengi weusi, lakini sasa ilikuwa pia na wafanyabiashara, mawakili na wachangiaji wa kampeni. Aliyeshindwa kuchangisha fedha za kutosha mwaka 2000 akawa seneta wa watu wenye fedha. Tunaamini bila ramani hiyo kampeni ya 2004 ingekuwa ngumu mara dufu.

Na chama chake kikapata wingi. Novemba 2002 Wademokrati waliichukua Seneti, na Emil Jones Jr. akawa rais wa baraza hilo Januari 2003.

Alipitisha sheria gani?

Igawe miaka yake sehemu mbili. Kuanzia 1997 hadi mwisho wa 2002 chama chake kilikuwa cha wachache, na mswada wa seneta wa upinzani mara nyingi ulikufa kwenye kamati bila hata kusikilizwa. Kuanzia Januari 2003 alikuwa upande wa wengi, mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na Jones akimkabidhi miswada mikubwa. Wanaohesabu sheria zake bila kuzingatia tofauti hiyo hupata picha ya mtu aliyelala miaka sita kisha akaamka ghafla.

Hata hivyo sheria moja nzito ilipatikana akiwa upinzani. Ni ile ya kuzuia zawadi kwa viongozi, mswada HB 672 (HB ni mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi la jimbo, SB ni ulioanzia Seneti), iliyokuwa Sheria Na. 90-737 mwaka 1998. Aliisimamia pamoja na Warepublikani, akiwemo Kirk Dillard. Ilipunguza zawadi kutoka kwa washawishi, ikakataza kuchangisha fedha za kampeni katika majengo ya serikali ya jimbo, ikataka taarifa za michango ziwekwe kwenye mtandao, na ikakomesha kutumia fedha za kampeni kwa matumizi binafsi. Ilikuwa na tundu: fedha zilizokuwa tayari kwenye akaunti za wabunge kufikia katikati ya 1998 ziliachwa nje ya katazo. Bila kipengele hicho wabunge wakongwe wasingeipigia kura. Tunaiona kuwa biashara inayokubalika, kwa sababu kabla yake Illinois haikuwa na katazo la maana.

Sheria ya 2003 ya kurekodi mahojiano ya polisi, SB 15, sasa Na. 93-206, ndiyo tunayoithamini kuliko zote. Usuli wake ni mzito: watu 13 waliohukumiwa kifo Illinois tangu 1977 walikuwa wameonekana hawana hatia, na Januari 2000 Gavana George Ryan akasimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo. Baadhi ya kesi zilitegemea maungamo yaliyotolewa katika vyumba vya polisi ambamo hakuna shahidi. Sheria inataka mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji aliye kizuizini yarekodiwe kwa sauti au picha, la sivyo maelezo yake yachukuliwe mahakamani kuwa hayafai mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Polisi na waendesha mashtaka waliipinga mwanzoni. Obama alikaa nao mara kwa mara, akakubali orodha ya hali ambazo kurekodi hakuwezekani, akawapa miaka miwili ya kununua vifaa na kufundisha watu. Seneti ikaipitisha bila kura ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa njia ya bunge.

Mwaka huo huo ilipita SB 30, Na. 93-209: kuanzia tarehe 1 Januari 2004 askari anayesimamisha gari huandika asili ya dereva kadiri anavyoiona, sababu ya kusimamisha, na kama gari lilipekuliwa. Takwimu hupelekwa idara ya uchukuzi ya jimbo na kuchapishwa. Sheria haikumkataza askari lolote jipya. Ilimlazimisha kuacha maandishi.

Kuhusu afya, HB 2268 ya 2004, Na. 93-973, ilianza kama ahadi ya kumpatia kila mkazi bima. Ikarekebishwa ikawa jopo la kuchunguza njia za kufika huko. Wanaoiita sheria ya bima kwa wote wanakosea.

Alishiriki pia katika nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, iliyoanza mwaka 2000 kwa kiwango cha asilimia 5 ya nafuu ya serikali kuu.

Je, ni kweli Jones alimpa miswada ya watu wengine?

Lawama hiyo ilitolewa na wenzake ndani ya chama, na ina msingi: suala la madereva weusi kusimamishwa ovyo lilikuwa limepigiwa kelele na wabunge wengine kabla yake. Lakini kupewa mswada si kuupitisha. SB 15 ilikuwa na maadui wa kutosha kuuzika, na majadiliano yaliyouokoa aliyaongoza yeye.

Kura za “nipo” ni nini?

Seneta wa Illinois ana vitufe vitatu mezani: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha manjano “nipo”. Mswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya 59, idadi isiyobadilika hata nusu ya ukumbi ikiwa tupu. Kwa hiyo “nipo” ina matokeo yale yale ya hapana.

Obama aliibonyeza mara 129 katika kura zipatazo 4,000. Mwaka 2008 wapinzani walisema alikuwa anakwepa. Sababu hazikuwa moja. Katika baadhi ya kura chama kizima kilifanya hivyo kupinga namna mswada ulivyoletwa. Katika miswada ya utoaji mimba, kikundi cha wabunge kilikubaliana na mashirika yanayotetea haki hiyo wabonyeze “nipo” pamoja, ili wenzao wa wilaya ngumu wapate kinga. Na zipo ambazo alikuwa peke yake au karibu peke yake, akisema mswada una lengo jema lakini utaanguka mahakamani. Hizo za mwisho ndizo zinazostahili kuhojiwa, na ni chache.

Ile kura ya bunduki aliyoikosa ilikuwaje?

Mwishoni mwa Desemba 1999 Gavana Ryan aliliita bunge kikao maalumu kurudisha sheria ya bunduki iliyobatilishwa na Mahakama ya Juu ya Illinois. Obama alikuwa Hawaii na familia. Binti yake Malia, wakati huo mtoto mdogo, aliugua, na Obama hakurudi. Mswada ukashindwa kwa kura chache. Kura yake peke yake isingeubadilisha, lakini kwa mgombea anayetaka kwenda Washington kutoka mitaa inayozika vijana kila wiki, picha ilikuwa mbaya, na magazeti ya Chicago hayakumwacha.

Alikuwa na kazi nyingine wakati huo?

Ndiyo, kama wabunge wengi wa majimbo. Alifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1992 hadi 2004 na alikuwa wakili katika kampuni ya mjini. Vikao vya Springfield hubanwa zaidi katika nusu ya kwanza ya mwaka.

Seneta wa jimbo alishindaje uchaguzi wa Illinois nzima?

Kiti kilikuwa wazi: Peter Fitzgerald wa Republican hakutaka kurudi. Kwenye mchujo wa Democratic, Hynes alikuwa mdhibiti wa fedha wa jimbo mwenye chama nyuma yake, na Hull alikuwa tajiri aliyemwaga mamilioni ya dola zake mwenyewe, akaongoza kwa muda, kisha akaporomoka nyaraka za talaka yake zilipowekwa wazi. Obama aliziweka akiba fedha zake za matangazo hadi wiki za mwisho. Kupita asilimia 50 kwenye uwanja wa watu saba ni jambo kubwa kwa kigezo chochote.

Mshindi wa Republican, Jack Ryan, akajitoa Juni 2004, naye kwa nyaraka za talaka. Tarehe 27 Julai Obama, bado seneta wa jimbo tu, alitoa hotuba kuu kwenye mkutano mkuu wa Democratic huko Boston. Agosti Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland. Kwa hiyo ile asilimia 70 ya Novemba isomwe kwa tahadhari. Ya Machi ndiyo inayopima nguvu yake.

Nani alirithi kiti chake?

Alijiuzulu tarehe 4 Novemba 2004, na Kwame Raoul akateuliwa siku mbili baadaye. Hakukuwa na uchaguzi mdogo. Illinois, viongozi wa chama kilichokuwa na kiti katika wilaya husika huteua mtu wa chama hicho hicho ndani ya siku 30. Ikiwa imebaki zaidi ya miezi 28 ya muhula, mteule hukaa hadi uchaguzi mkuu unaofuata. Hapa ilikuwa imebaki takriban miezi 26, hivyo Raoul akamaliza muhula. Tangu Januari 2019 ni mwanasheria mkuu wa jimbo.

Asili yake ya Kenya ilikuwa na nafasi gani katika chaguzi hizi?

Kisheria, hakuna. Mbunge wa Illinois anatakiwa kuwa raia wa Marekani, kutimiza miaka 21 na kuishi katika wilaya yake miaka miwili kabla ya uchaguzi. Obama alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Baba yake alitoka Kogelo, Siaya. Kisiasa, jina lilikuwa mzigo mwaka 2000, pale swali la “huyu ni wa wapi” lilipomgharimu, na 2004 likawa sehemu ya hotuba ya Boston.

Nikitaka kuhakiki mwenyewe, nianzie wapi?

Kwa kura za wananchi, tumia Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo la Illinois, na usichanganye mchujo na uchaguzi mkuu. Kwa miswada, tovuti ya Bunge la Illinois. Namba za miswada huanza upya kila bunge jipya, kwa hiyo SB 15 peke yake haitoshi; taja na bunge. Yeye alihudumu katika Bunge la 90 (1997 hadi 1999), la 91, la 92 na la 93 (2003 hadi 2005). Ukishaupata mswada, fungua historia yake, angalia nani aliuwasilisha kwanza na nani aliongezwa baadaye, kwa maana jina linaweza kuongezwa siku ya kura. Kisha fungua orodha ya kura, ambamo Y ni ndiyo, N ni hapana, P ni “nipo” na NV ni asiyepiga. Usihesabu NV kama “nipo”: wa kwanza huenda hakuwa ukumbini kabisa.